Ganeti ikae kavu

Mnaotumia mashine ndogo ya kukata kwa maji kwenye karakana za pamoja hapa Kisumu, tafadhali itunzeni ganeti, yaani ule mchanga mgumu wa madini unaochanganywa na maji ya kukatia. Kinachokata chuma si maji peke yake, ni hizo chembe zinazobebwa na maji. Zikishika unyevu kidogo tu zinagandana, mrija unaziba katikati ya kazi, na maji matupu hayakati bati la chuma. Msimu wa mvua ndefu, hewa ya ziwani inatosha kuziharibu.

Kwa hivyo ukifungua gunia, mimina yote kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana. Kabla ya kujaza mashine, chota kiganja kimoja, uiache ipite katikati ya vidole. Ikiteremka kama mchele mkavu, weka. Ikishikana, ianike juani kwanza, kisha uichekeche.

Iliyotumika usiimwage kwenye sinki kamwe! Ni nzito kuliko mchanga wa kawaida, inatuama kwenye kona ya bomba na kuganda hapo, halafu gharama ya fundi inawaangukia wote. Ichote kwa kopo, itie kwenye gunia, maji yachuruzike nje.

Kioo cha kawaida kinakatika vizuri sana. Kile kilichoimarishwa kwa joto, kama cha dirisha la pembeni la matatu, kitapasuka chote mara tu kinapotobolewa, kwa hivyo muulize aliyekileta kimetoka wapi. Chuma nacho kisuuze, kikaushe, ukipake mafuta kabla hujaondoka. Kutu haingoji kesho.