Namna ya Kujadili Nani Alikuwa Bora: Joe DiMaggio au Ted Williams

Ubishi kuhusu wachezaji wa besiboli wa Marekani, Joe DiMaggio wa New York Yankees na Ted Williams wa Boston Red Sox, haujaisha hadi leo, ingawa DiMaggio alistaafu mwaka 1951 na Williams mwaka 1960. Huharibika kwa sababu kila upande hujibu swali lake: mmoja huuliza nani alikuwa mpigaji bora, mwingine huuliza nani alikuwa mchezaji kamili zaidi. Kwa hiyo, kabla ya kutaja takwimu hata moja, kubalianeni ni swali lipi mnalolijibu.

Mkishakubaliana, anzeni na msimu wa 1941, kwani hoja nzito za pande zote mbili zimo humo. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 16 Julai, DiMaggio alipata angalau pigo safi moja (pigo linalomwezesha mpigaji kufika salama kwenye besi, yaani kituo cha kukimbilia) katika kila mchezo kwa michezo 56 mfululizo, rekodi ambayo haijavunjwa. Williams naye alimaliza msimu akiwa na wastani wa 0.406, yaani mapigo safi 406 kwa kila majaribio 1,000, na tangu hapo hakuna mchezaji wa American League wala National League, ligi mbili kuu za Marekani, aliyefikisha 0.400 kwa msimu mzima. Anayemtetea Williams asisahau siku ya mwisho ya msimu huo, tarehe 28 Septemba, mjini Philadelphia. Aliamka akiwa na wastani wa 0.39955, ambao ungekadiriwa kuwa 0.400 kama angekaa benchi, na kocha wake alimpa ruhusa ya kupumzika. Alikataa, akacheza michezo yote miwili ya siku hiyo, akapata mapigo safi sita katika majaribio manane. Anayemtetea DiMaggio ataje mfululizo wake, lakini awe tayari kujibu jambo hili: katika zile siku za michezo 56, wastani wa DiMaggio ulikuwa 0.408, na wa Williams katika kipindi hichohicho ulikuwa 0.412.

Usiitumie tuzo ya mchezaji bora kama ushahidi wa mwisho. Hupigiwa kura na waandishi wa habari za michezo, ambao zama hizo waliuthamini sana ubingwa wa timu. Mwaka 1947 Williams aliongoza American League kwa wastani, kwa homurani (mapigo yanayovusha mpira nje ya uzio) na kwa idadi ya mikimbio, yaani alama za timu, aliyoisababisha, na bado DiMaggio akapewa tuzo kwa pointi 202 dhidi ya 201.

Hoja ya mataji nayo ichunguzwe kwa makini. DiMaggio alitwaa ubingwa wa World Series, fainali kati ya mabingwa wa ligi hizo mbili, mara tisa katika misimu 13, ilhali Williams alifika huko mara moja tu, mwaka 1946, akapiga kwa wastani wa 0.200 na timu yake ikashindwa. Hiyo ni kasoro ya kweli, wala haifai kufichwa. Hata hivyo, Yankees walitwaa ubingwa mwaka 1943 DiMaggio akiwa jeshini, na wakautwaa tena mwaka 1952 na 1953 akiwa amekwisha kustaafu. Timu hiyo ilikuwa na nguvu hata bila yeye.

Viwanja vina uzito mkubwa kuliko wabishi wengi wanavyodhani. DiMaggio alipiga kwa mkono wa kulia, na upande wa kushoto kuelekea katikati ya Yankee Stadium uzio ulikuwa mbali mno, hivyo mipira ambayo kwingine ingevuka ilidakwa. Kati ya homurani zake 361, alipiga 148 tu nyumbani na 213 ugenini. Vita nayo ihesabiwe: wote wawili walikosa misimu ya 1943 hadi 1945, na Williams, aliyekuwa rubani, alikosa pia sehemu kubwa ya 1952 na 1953 kwa sababu ya Vita vya Korea.

Kwa swali la mpigaji bora, mimi namtaja Williams bila kusita. Katika maisha yake yote ya uchezaji alifika besi kwa kiwango cha 0.482, cha juu kuliko cha mwingine yeyote, kwa sababu alikataa kuufuata mpira mbaya, yaani uliorushwa nje ya eneo la kupigwa, na alikubali kupewa besi ya bure, ambayo mpigaji hupata akirushiwa mipira minne ya namna hiyo. DiMaggio alimzidi wazi katika ulinzi na katika kukimbia besi, na mtetezi wake anapaswa kusimamia hapo badala ya kung'ang'ania kupiga.

Mwisho, punguzeni ukubwa wa dai lenu. Hadi Jackie Robinson alipoanza kuchezea Brooklyn Dodgers mwaka 1947, wachezaji weusi walikuwa wamefungiwa nje ya ligi hizo, kwa hiyo hakuna takwimu ya 1941 inayothibitisha kwamba mmoja wa hawa wawili alikuwa bora kuliko wachezaji wote wa zama zake. Williams mwenyewe aliliona hilo: alipoingizwa katika Jumba la Heshima la besiboli huko Cooperstown mwaka 1966, alitumia hotuba yake kutamka tumaini kwamba Satchel Paige na Josh Gibson, magwiji wa ligi za wachezaji weusi, nao wataingizwa.