Namna ya kuwafanya wauguzi wa wodi yako watumie utafiti kila siku

Mwongozo huu nimewaandikia wasimamizi wa wodi, na muuguzi yeyote ambaye wenzake humsikiliza. Nimesimamia wodi ya upasuaji kwa miaka mingi. Mara ya kwanza nilianza kwa semina: siku nzima ya aina za tafiti na takwimu zake. Wauguzi walikaa wakasikiliza, na zamu iliyofuata kila mmoja akaendelea na kazi kama jana. Sikuwalaumu. Muuguzi aliyezidiwa na wagonjwa hana nafasi ya kubeba nadharia. Lakini mpe jibu la jambo linalomkera kila siku, atalipeleka mwenyewe hadi kitandani kwa mgonjwa. Hatua zote hapa chini zinatokana na hilo.

Hatua ya 1: Okota maswali wodini

Kwa wiki mbili, kila mnapokabidhiana zamu, uliza: "Ni kitu gani tunakifanya hapa bila kujua sababu yake?" Usijibu, usitetee. Andika kwenye daftari linalokaa mezani ambapo kila mtu analiona. Kwetu yalitoka haya: Kwa nini kanula, ule mrija mdogo wa mshipani wa kupitishia dawa, ing'olewe siku ya tatu wakati bado inapitisha dawa vizuri na mkono haujavimba? Kwa nini tunahakikisha mrija wa kulishia umefika tumboni kwa kupuliza hewa na kusikiliza? Kwa nini mgonjwa wa upasuaji anyimwe hata maji kuanzia saa sita usiku?

Swali la mrija halikuwekwa foleni. Sauti ya hewa inaweza kusikika tumboni hata kama ncha ya mrija imeingia kwenye pafu. Kinachotegemewa ni asidi ya majimaji yaliyovutwa kwenye mrija, pH (kipimo cha asidi) isizidi 5.5, na palipo na shaka, eksirei. Jambo lenye hatari ya namna hii lipelekwe kwa uongozi na kurekebishwa wiki hiyo hiyo. Katika yaliyobaki chagua moja tu, linalomgusa mgonjwa kila siku na ambalo muuguzi mwenyewe ameliuliza. Aliyeuliza ndiye awe mwenye kazi. Wewe mfungulie njia.

Sisi tulichagua maji.

Hatua ya 2: Lipe swali umbo

"Je, maji kabla ya upasuaji ni mabaya?" ni swali pana mno, litakurudishia makala elfu. Liwe na vipande vinne: mgonjwa ni nani, anafanyiwa nini, tunalinganisha na nini, tunatazamia matokeo gani. Letu likawa hivi: kwa mtu mzima anayesubiri upasuaji wa kupangwa, akiruhusiwa maji hadi zibaki saa 2 apewe dawa ya usingizi, badala ya kufunga tangu usiku wa manane, je, hatari ya kucheua na kupaliwa, yaani vya tumboni kuingia mapafuni, inaongezeka?

Hatua ya 3: Tafuta kuanzia juu

Anza na miongozo ya kitaalamu. Ukikosa, nenda kwenye mapitio yanayokusanya tafiti nyingi za swali moja, kama yale ya Cochrane, ambayo huja na muhtasari kwa lugha nyepesi. Utafiti mmoja mmoja uwe wa mwisho. PubMed, hifadhi ya mtandaoni ya makala za tiba, ni bure kwa kutafutia, na taasisi za nchi za kipato cha chini zinaweza kusoma majarida mengi kupitia Hinari ya Shirika la Afya Duniani. Mwulize mkutubi wenu kama mmeshasajiliwa. Mwenye swali mpe nusu saa ndani ya zamu, na mtu wa kumshikia wagonjwa. Ukimwambia akasome nyumbani, umemwambia asisome.

Jibu la maji lilipatikana siku hiyo hiyo. Jumuiya ya Madaktari wa Usingizi ya Marekani iliandika kwenye mwongozo wake tangu 1999: vinywaji angavu kama maji, visivyo na maziwa, hadi saa 2 kabla, mlo mwepesi hadi saa 6 kabla, kwa wagonjwa wenye afya wanaofanyiwa upasuaji wa kupangwa. Mapitio ya Cochrane ya 2003 hayakuona ushahidi kwamba kufupisha mfungo wa maji kunaongeza kupaliwa. Muuguzi aliyeyasoma alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Sista, basi wale wote tuliowanyima?"

Hatua ya 4: Someni pamoja, dakika 20

Karatasi moja ya utafiti, watu watatu au wanne. Usianze na takwimu. Ulizeni kwanza: wagonjwa hawa wanafanana na wetu? Walilinganishwa na nani? Na mazingira yaliyoleta matokeo haya, sisi tunayo?

Swali hilo la tatu ndilo gumu, na hapo ndipo wauguzi huwapita watu wengi kwa uelewa. Mwaka 2012 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Australia wa wagonjwa 3,283: kundi moja lilibadilishiwa kanula kwa ratiba kila siku ya tatu, lingine pale tu palipokuwa na sababu. Mshipa uliingia uvimbe kwa asilimia 7 kila upande. Ukisoma haraka utasema, tuache kubadilisha. Muuguzi wetu wa zamu ya usiku aliuliza, "Nani ataigundua hiyo sababu saa tisa usiku, niko peke yangu?" Alikuwa sahihi kabisa. Kanula inaweza kubaki ikiwa kuna mtu anayeikagua kila zamu, anabonyeza ngozi, anauliza maumivu na kuandika. Kwa hiyo tulianza na fomu ya ukaguzi, na ratiba tukaiacha kwanza kama ilivyo.

Hatua ya 5: Ongea na wenye maamuzi kabla ya kugusa chochote

Hapa nilikosea vibaya. Niliwaruhusu wauguzi watoe maji kabla sijakaa na madaktari wa usingizi. Upasuaji wa mgonjwa mmoja ukaahirishwa, na muuguzi aliyempa kikombe akagombezwa mbele ya wagonjwa. Kosa lilikuwa langu, aliyeumia ni yeye, na ilichukua muda mrefu kabla hajauliza swali lingine.

Mpelekee daktari karatasi yenyewe, na mwombe akutajie ambao hawahusiki. Atakutajia wa dharura, walioziba utumbo, wenye tumbo linalochelewa kumwaga chakula, wajawazito walio kwenye uchungu. Orodha hiyo iandikwe na isainiwe. Muuguzi anayefuata utafiti lazima awe na karatasi inayomlinda.

Hatua ya 6: Jaribu kidogo, hesabu

Wodi moja, mwezi mmoja. Daftari lenye safu tatu linatosha: saa ya mwisho kunywa, saa ya kuingia chumba cha upasuaji, na tatizo lolote lililotokea. Anza kuhesabu kabla ya mabadiliko ili uwe na cha kulinganisha. Mgonjwa aliyefunga tangu saa sita usiku na kuingizwa saa nane mchana amekaa saa 14 bila tone, na wauguzi wakiiona namba hiyo kwa mwandiko wao wenyewe, hakuna haja ya hotuba. Wasomee matokeo kila wiki, hata yakiwa mabaya.

Hatua ya 7: Badilisha karatasi

Muuguzi mgeni atafuata kilichoandikwa kitandani. Kama kibao bado kinasema "Asile wala asinywe", kazi yenu itakufa mkibadilishana zamu. Kiandikeni upya kwa mistari miwili, chakula na maji, na msiandike "saa 2 kabla": mgonjwa wetu mmoja alielewa ni saa mbili asubuhi, akanywa wakati huo huo machela inamfuata. Andikeni saa yenyewe: "Maji mwisho saa kumi na mbili asubuhi." Upasuaji ukicheleweshwa, muuguzi wa zamu apige simu chumba cha upasuaji, afute saa ya zamani, aandike mpya na ampelekee mgonjwa kikombe.