Kabla ya kuwatengenezea askari wa Tanga programu ya doria

Ukipewa kazi ya kutengeneza programu ya simu kwa ajili ya askari wa doria, usianze na rangi wala nembo. Anza kwa kuuliza itatumikia wapi. Mkoa wa Tanga peke yake una mpaka wa Horohoro, vizuizi vya barabarani, bandari bubu za mwambao na boti zinazopita kando ya mikoko ya Mkinga. Askari wa mezani na mwenzake aliye baharini usiku hawatazami kioo cha simu kwa namna moja.

Wengi wakiambiwa programu iwe nyumbufu huongeza menyu. Mimi nasema amua kwanza yasiyobadilika. Kitufe cha kuomba msaada kikae mahali pamoja katika kila ukurasa, kila toleo. Aliye hatarini hukibonyeza kwa mazoea ya kidole, hana nafasi ya kukitafuta kwa macho. Ukikihamisha ili ukurasa upendeze, umemnyang'anya mazoea hayo siku anayoyahitaji. Vingine vyote ndivyo vipanuke, vijifiche au vijipange upya kulingana na kazi iliyopo.

Mwongozo wa Android unashauri kitu cha kuguswa kiwe na angalau dp 48 (dp ni kipimo cha ukubwa wa vitu kwenye kioo), kama milimita 9. Kwenye boti inayorushwa na mawimbi hiyo ni ndogo; ongeza. Maji nayo huvuruga kioo: tone linaweza kusomeka kama mguso, na kidole kilicholowa kisisomeke kabisa. Kwa hiyo jambo lisilorudishika lisitegemee mguso mmoja, na ombi la msaada liwezekane pia kwa kitufe cha pembeni cha sauti. Usiku, mwanga wa simu humfichua askari kutoka mbali na kumwondolea uwezo wa kuona gizani. Hali ya giza iwe karibu, isizikwe ndani ya mipangilio.

Mtandao utakatika. GPS haihitaji bando, kwa hiyo mahali na muda viendelee kurekodiwa, na programu iseme waziwazi: "Imehifadhiwa kwenye simu, bado haijatumwa."

Muda wenyewe unahitaji uangalifu. Askari anaposema saa 2 usiku, simu inataka 20:00. Akiandika 2:00 kwa haraka, kumbukumbu itasoma saa 8 usiku, na wakili wa utetezi atauliza maswali yenye haki kabisa. Onyesha saa kwa namna zote mbili kabla hajathibitisha.

Jambo linalonisumbua kuliko yote ni utafutaji wa majina. Pwani hii Ali huandikwa Ally, Khamis huandikwa Hamisi, na mtaa mmoja unaweza kuwa na watu kadhaa wenye jina lilelile pamoja na la baba. Programu ikileta jina moja lenye rangi nyekundu, askari aliyechoka ataliamini, na asiye na hatia atalala mahabusu. Leta majina yote yanayokaribiana, pamoja na picha, umri na kata, kisha mtake askari aseme ni kipi kilichomhakikishia. Hapa ucheleweshaji wa sekunde chache ni haki ya mtu, usiuondoe kwa kisingizio cha wepesi.

Soma sheria mapema, kabla mchoro haujakamilika. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaitaka mahakama ipime jinsi taarifa ilivyotengenezwa, ilivyotunzwa, na jinsi aliyeianzisha alivyotambuliwa. Maana yake picha ya kielelezo isihaririwe ndani ya programu, na kila marekebisho ya maelezo yabaki na jina na saa, yale ya awali yakionekana. Mali ikikamatwa, stakabadhi yenye saini ya mwenye mali na mashahidi bado inahitajika. Programu imkumbushe askari kabla hajaondoka eneo la tukio.

Kuna pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Simu ikidondoka majini au kuibiwa stendi, nani ataifungia, na ndani ya muda gani? Pata jibu kwa maandishi kutoka kwa mkuu wa kituo. Kisha peleka mchoro wa karatasi kwa askari wenyewe, zamu ya usiku, wakiwa wamevaa glovu, na uwaache wabonyeze bila kuwaelekeza.