Mashine ya kadi inakula shilingi ngapi dukani kwako? Piga hesabu hivi

Jamani kama una biashara ndogo na benki wameshakupa mashine ya kadi, au ndo wanakubembeleza uichukue, subiri kwanza tupige hesabu. Mi nauza picha za Tinga Tinga na shanga hapa Arusha, wateja wengi ni watalii wanaotoka Serengeti na wengi wao hawatembei na cash. Mwezi wa kwanza nikalinganisha risiti za mashine na hela iliyoingia akaunti nikakuta hazifanani, nikajua nimeibiwa. Kumbe hakuna mwizi, ni mimi niliambiwa chaji ya kila malipo ni asilimia "tatu na nusu" nikaitikia ndiyo bila kuuliza tatu na nusu pamoja na nini.

Chukua picha ya laki mbili. Asilimia 3.5 ni 7,000, sawa. Ila huku bara ile chaji ya benki nayo ina VAT ya asilimia 18 juu yake (juu ya chaji, sio juu ya picha, watu wanachanganya hapa), yani 1,260 nyingine. Jumla 8,260, akaunti inaingia 191,740. Ile tatu na nusu imeshakua 4.13 na bado hatujagusa kodi ya mashine (hela ya kuikodi kila mwezi, sio kodi ya serikali). Kwahiyo swali la kwanza kwa ofisa wa benki: hiyo asilimia ni pamoja na VAT au bado?

Sasa chukua stetimenti ya mwezi mzima, jumlisha kila kilichokatwa kwasababu ya kadi, chaji, VAT, kodi ya mashine, kila kitu, gawanya kwa mauzo ya kadi, zidisha kwa mia. Hiyo ndo asilimia yako ya kweli, ile ya kwenye kipeperushi achana nayo. Tuseme umeuza milioni tatu kwa kadi, makato ya chaji na VAT (ile 4.13) 123,900, na mashine unalipia elfu thelathini kwa mwezi: jumla 153,900, yani 5.13. Alafu uje mwezi wa nne, mvua, watalii hakuna, umeuza laki sita tu. Makato 24,780, mashine elfu thelathini ile ile, unakuta umelipa 9.13! Hapo unafanyia kazi mashine. Mwenye msimu kama mimi bora atafute mashine isiyo na kodi hata kama asilimia iko juu kidogo.

Ile chaji yenyewe, sio VAT wala kodi ya mashine, wanagawana watatu. Benki iliyompa mteja kadi, huyo kwa kawaida ndo anachukua kipande kikubwa na kinaitwa interchenji. Visa au Mastercard, wenye barabara inayopitisha malipo, wanachukua chao. Mwisho benki yako iliyokupa mashine, inaweka faida yake juu. Viwili vya kwanza benki yako haivipangi, hata ulie, kinachojadilika ni hicho cha tatu. Ndo maana ukienda kuomba punguzo usiseme "naomba mnipunguzie" tu, nenda na stetimenti za miezi mitatu na bei ya benki nyingine mkononi, alafu waulize faida yao wao ni kiasi gani. Mi walinishusha nilipouliza hivyo, kabla ya hapo walikua wananipiga kalenda.

Na kadi hazifanani. Kadi ya benki ya hapa hapa Tanzania kwa kawaida ni nafuu kuliko ya nje, debit (inakata hela ya mteja iliyoko akaunti) nafuu kuliko kredit (ya mkopo), na zile kadi za kampuni au za matajiri zenye pointi za ndege ndo ghali kabisa, pointi zake unazilipia wewe muuza shanga. Kuna Mzungu aliniambia kwao chaji ni ndogo, eti namdanganya. Hakua anakosea: nchi za Umoja wa Ulaya tangu mwisho wa 2015 interchenji ya kadi za watu binafsi imewekewa kikomo, isizidi asilimia 0.2 kwa debit na 0.3 kwa kredit. Ila ni kwa malipo ya huko huko kwao, kadi ileile ikiguswa Arusha inahesabika imevuka mpaka.

Kama unauza kwa linki ya mtandaoni angalia pia ile chaji ya kudumu kwa kila muamala. Stripe, kampuni ya kupokea malipo ya mtandaoni, kwa Marekani bei yao ya kawaida ni asilimia 2.9 na senti 30, kwenye kitu cha dola 100 huioni, kwenye kitu cha dola 2 imeondoka karibu asilimia 18. Vitu vidogo uza kwa fungu, au mteja wa hapa mpe lipa namba.

Kumuongezea mteja asilimia 5 akitoa kadi, wengi wanafanya, mi siipendi na kuna mikataba inakataza, kwahiyo soma wako kwanza. Mi naiweka ndani ya bei, mwenye cash namshushia kidogo, wote wanacheka.

Kitu cha mwisho ambacho kinauma kuliko asilimia ni mteja kurudi kwao na kuikana malipo. Kwa madai mengi anaweza kufanya hivyo hadi siku 120, benki inakukata hela yote, wengine wanaweka na faini juu, na picha iko ukutani kwake. Kwahiyo weka zile karatasi za mashine kwenye bahasha, kila mwezi na yake, piga na picha za simu maana wino wake unafutika, na anayetaka kukutajia namba ya kadi kwa WhatsApp mwambie hapana, mtumie linki ya benki. Ikidaiwa jibu ndani ya siku walizokupa, ukichelewa hata kama una haki imekula kwako.