Somo: Kuomba ruzuku ya mradi wa kuwaepusha vijana na uhalifu mtaani

Niko Kisauni, Mombasa, na katika kikundi chetu mimi ni katibu. Tumenyimwa ruzuku mara mbili, tukapata mara moja. Mengi ya haya tuliyajua kwa kunyimwa.

Hatua ya 1: Cheti cha usajili wa kikundi. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022 inataka wanachama wasiopungua 10. Pelekeni katiba, kumbukumbu za mkutano uliochagua viongozi na nakala za vitambulisho kwa afisa wa maendeleo ya jamii. Kisha fungueni akaunti ya benki yenye watia saini watatu, wasiwe ndugu wa nyumba moja.

Hatua ya 2: Jueni pesa hiyo ni ya aina gani. Hazina ya Uwezo hutoa mikopo, na mkopo hurudishwa. NGAAF, hazina ya serikali ya kuwainua wanawake, vijana na wengine walioachwa nyuma, ambayo wengi huijua kupitia mwakilishi wa wanawake wa kaunti, hutoa ruzuku kwa vikundi. Wako pia wafadhili wa nje kama GCERF, mfuko wa kimataifa wenye makao Geneva, ambao hupitishia fedha kwa mashirika makubwa, nayo hushirikiana na vikundi vidogo. Lakini fedha zao ni za kuzuia itikadi kali, na hapa naomba tusikizane: kupora simu si ugaidi. Mkiupaka uporaji rangi ya ugaidi ili mpate pesa, karatasi hiyo itabaki kwenye mafaili ya watu, na atakayekuja kuulizwa ni kijana wa mtaani kwenu.

Hatua ya 3: Tatizo lenyewe. Pendekezo letu la kwanza lilianza hivi: “Vijana wetu wameharibika kwa kukosa ajira.” Sentensi hiyo ungeweza kuipeleka Kayole ya Nairobi au Kondele ya Kisumu bila kubadilisha neno. Tukanyimwa.

Mara ya pili tulichukua daftari, tukazunguka wiki tatu. Tuliuliza muuza mahamri, vijana wa boda boda, muuguzi wa zahanati na mzee wa Nyumba Kumi: wapi, saa ngapi, umri gani? Jibu likawa lile lile kila tulipokwenda. Ni kichochoro kimoja cha kutokea stejini, baina ya magharibi na isha, na wengi ni watoto walioacha shule. Nasi tulikuwa tumepanga mpira saa nne asubuhi! Mpira wa saa nne haumzuii mtu kupora saa moja jioni. Tukabadilisha ratiba yote, tukaomba na taa za uwanja.

Hatua ya 4: Bajeti. Kila shilingi iwe na shughuli yake. Chai na nauli andikeni chai na nauli, msizifiche ndani ya “gharama nyinginezo”.

Hatua ya 5: Daftari la mahudhurio. Mara ya pili tulinyimwa kwa sababu yangu. Mkaguzi alifungua daftari, akainua miwani, akauliza: “Vijana hawa 30 wote wana mwandiko mmoja?” Nilikuwa nimewasainia ili kuokoa muda. Walikuwepo kweli, lakini nani angeniamini?

Maswali ya wanachama wa vikundi vingine

*Asalaam aleykum ndugu. Kwetu Likoni wapo wenzetu waliowahi kufungwa. Tuwafiche?*

Waaleykum salaam. Msiwafiche, hao ndio watakaosikizwa maskani. Ila majina na picha zao zisiingie kwenye pendekezo bila ridhaa yao. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Aliye chini ya miaka 18, mzazi au mlezi atie saini.

*Kuna mtu anataka asilimia 10 atuandikie. Tumpe?*

Hapana, dada yangu. Asilimia hiyo mtaiandika wapi kwenye bajeti? Tafuteni mwalimu mstaafu awasahihishie lugha, mumpe ahsante yake kutoka mfuko wa kikundi.

*Polisi ni lazima?*

Barua ya chifu ilitutosha kuanzia. Askari akikaa kila kikao, wale mnaowataka hawaji. Kwetu huja mara moja kwa mwezi, bila sare, kucheza dhumna. Siku ya kwanza vijana walikaa mwisho wa baraza, yeye kwenye kiti peke yake. Mwezi wa tatu walikuwa wakimzomea kwa kubania mawe.

*Kaka, samahani, nyinyi mlipata ngapi?*

Shilingi 300,000 za miezi sita, kwa mafungu mawili. La pili halijatoka, ripoti ya la kwanza ndiyo hii naimalizia usiku huu, na risiti mbili za chai sizioni.