Mikono isikakamae: mambo ya kuzingatia kabla ya zoezi zito la kupumua

Mazoezi ya kupumua kwa nguvu siku hizi yameenea kila mahali, hapa Shela, kisiwani Lamu, wageni wanakuja kwa ajili ya yoga wanalala kwenye mikeka wanapumua saa nzima, na vijana wetu nao wanaangalia video za yule Mholanzi anayefundisha kupumua, Wim Hof, kwenye simu alafu usiku wanapanda darini kujaribu wenyewe. Kitu kinachowatisha wengi wao, mgeni na mwenyeji sawa, ni mikono. Mtu anapumua vizuri tu, dakika zinakwenda, midomo inaanza kufa ganzi, ncha za vidole zinamsisimka, na kabla hajaelewa kinachoendelea kiganja kinapinda chenyewe, vidole vinanyooka na kubanana pamoja, kidole gumba kinavutwa kwa ndani, mkono unakaa kama wa mtu anayeenda kuchota tonge la wali na akijaribu kuufungua haufunguki. Wengine miguu nayo inakaza, vidole vinaelekea chini, taya linabana, hata kusema anashindwa. Hapo ndipo mtu anapopagawa, na akipagawa anapumua haraka zaidi, na akipumua haraka zaidi mikono inazidi kukaza.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kujitayarisha nalo ni kuelewa inatoka wapi, manake ukielewa hata hofu inapungua nusu. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi mara 12 hadi 20 kwa dakika, na kaboni dayoksaidi kwenye damu yake inakaa kati ya 35 na 45 kwa kipimo cha milimita za zebaki. Hiyo gesi tumefundishwa shuleni ni uchafu wa kutolewa nje basi, lakini mwili unaitegemea sana kuweka sawa tindikali ya damu. Sasa wewe umelala chali, hukimbii, hubebi mzigo, alafu unapumua haraka na kwa kina, unaitoa ile gesi kwa kasi kuliko mwili unavyoitengeneza, tindikali inapungua, pH ya damu, kile kipimo kinachopanda tindikali ikishuka, inapita 7.45, na hapo ndipo kalisiamu inapohusika. Karibu nusu ya kalisiamu iliyo kwenye damu iko huru, iliyobaki imeshikwa, sanasana na protini inayoitwa albumini. Tindikali ikipungua albumini inaishika kalisiamu zaidi, ile iliyo huru inakuwa kidogo, na neva, yaani mishipa ya fahamu, zikiikosa zinakuwa nyepesi kushtuka, zinaiamrisha misuli ikaze bila wewe kutaka. Kizunguzungu nacho kina sababu hiyohiyo, kaboni dayoksaidi ikishuka mishipa ya damu ya ubongo inajibana. Na wale wanaodhani wanajijaza oksijeni wajue damu ya mtu mwenye afya tayari imejaa oksijeni asilimia 95 na zaidi hata kabla hajaanza, hakuna nafasi kubwa ya kuongeza.

Angalia vizuri hapo, kalisiamu haijatoka mwilini, ipo ileile, imeshikwa tu. Ndio maana nasema na nitaendelea kusema, huu mkazo haukingwi kwa ndizi. Watu wanaambiana kula ndizi tatu, kunywa dafu, meza vidonge vya magneshiamu, alafu pumua unavyotaka hutakaza, na si kweli. Dafu ni zuri, lina potasiamu ya kutosha na linarudisha maji, na mtu aliyeishiwa maji na chumvi misuli yake inaweza kukaza kwa sababu nyingine, so kunywa, hasa kipindi cha kaskazi joto linapokuwa kali na jasho linakutoka hata umekaa. Korosho, mchicha, kunde, maziwa, hivi vyote vina madini ambayo misuli inayataka na ukivila siku zote ni faida kwako. Lakini unaweza kuwa umekula vyote hivyo na ukipumua vibaya mikono ikakaza palepale. Kinga yenyewe iko kwenye namna unavyoitoa pumzi.

Na hapa naomba mtu asome polepole. Wengi wakisikia kupumua kwa nguvu wanavuta kwa nguvu na kutoa kwa nguvu, wanasukuma tumbo, wanapuliza mpaka tone la mwisho, na huko kupuliza ndiko kunakoikomba gesi. Kabla hujaenda kwenye kipindi chochote kizito, jizoeze nyumbani siku kadhaa, kaa au lala, vuta pumzi kwa pua ishuke mpaka tumboni, alafu iachie tu, usiisukume, kifua kishuke chenyewe kwa uzito wake. Weka mkono juu ya tumbo, ukihisi misuli ya tumbo inakaza wakati unatoa basi bado unapuliza. Legeza taya, meno ya juu na ya chini yasigusane, mabega yashuke, viganja vielekee juu vikiwa wazi. Ukishaizoea hiyo ndio uongeze mwendo kidogokidogo, usianze na mwendo wa mwisho. Anayeanza dakika tano zinamtosha kujua mwili wake unaitikiaje, mambo ya saa nzima ni ya baadaye na ni ya mbele ya mtu anayejua kazi. Na zile dalili ndogo, ganzi kuzunguka midomo na msisimko wa vidole, zichukue ni taarifa, hapo ndipo pa kupunguza mwendo, usisubiri mpaka kiganja kipinde.

Kuna wanaofundisha kwamba mikono ikikaza ni uchungu wa zamani unatoka, usipunguze, pita ndani yake. Na huku kwetu mtu akiona kijana amelala, vidole vimepinda, macho yamefumba na analia, wa kwanza atasema jini. Mimi simdharau mtu kwa imani yake, na ni kweli watu hulia na kukumbuka mambo mazito wakipumua hivyo, hilo lipo. Ila mkono ukikaza sababu yake ya kwanza iko kwenye damu, na dawa yake ya kwanza ni kupumua taratibu, mengine yaje baada ya mtu kutulia. Anayekuongoza akikwambia usipunguze hata kama unaumia, una haki ya kuamka na kwenda zako.

Alafu kuna watu wasiofaa kufanya kabisa, na swali hili liulizwe kabla ya siku yenyewe maana mtu akishalala mkekani anaona haya kusema. Mjamzito asifanye. Mwenye kifafa asifanye, kupumua haraka kunaweza kuamsha kifafa, na ndio maana hospitali wakipima umeme wa ubongo humwambia mgonjwa apumue haraka makusudi ili waone. Mwenye ugonjwa wa moyo, presha isiyotulia, aliyewahi kupata kiharusi, mwenye glakoma, yaani presha ya macho, au tatizo la retina, ule utando wa nyuma ya jicho, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, aliyewahi kuugua akili mpaka akaona au kusikia visivyokuwepo, wote hao wakae pembeni. Mwenye pumu aongee na daktari wake kwanza na inhela iwe karibu yake, si kwenye begi la chini. Mtu anayetumia vidonge vya presha vya kukojoza aseme, baadhi yake hutoa potasiamu na magneshiamu na misuli yake iko karibu na kukaza tayari. Vilevile aliyefanyiwa upasuaji wa tezi ya shingo, kalisiamu yake inaweza kuwa chini kweli, huyo aende kupima kwanza.

Chakula, kula kitu chepesi masaa mawili matatu kabla, si sahani ya biriani alafu ulale chali upumue kwa tumbo. Kahawa chungu acha asubuhi hiyo. Miraa na muguka hapana kabisa, vinapandisha mapigo ya moyo na vinaleta wasiwasi, na mwenye wasiwasi tayari anapumua juujuu. Mwezi wa Ramadhani mchana achana na zoezi zito, umefunga, huna maji mwilini, joto nalo, ngoja futari ishuke usiku au subiri mwezi uishe. Saa nzuri ni asubuhi mapema upepo ukiwa bado una ubaridi. Na kama hukulala usiku, ahirisha.

Siku yenyewe vua pete, bangili na saa kabla hujalala. Watu hili hulidharau, lakini kidole kilichokaza na pete ndani yake kinauma vibaya na huwezi kuivua tena mpaka mkono ulegee. Wanawake wenye bangili nyingi zisizotoka basi wasizifunge kwa juu na kitambaa kinachobana. Kikoi kilegezwe fundo tumboni, dera liwe pana, sidiria ya kubana itolewe. Tandika mkeka na godoro jembamba juu yake, weka shuka ya kujifunika manake vidole na miguu hupoa, na usifanye ukiwa umesimama wala kwenye kingo ya dari isiyo na ukuta, kizunguzungu kikikuchukua pale ni habari nyingine.

Usifanye peke yako. Daktari wa akili Stanislav Grof na mkewe Christina walipoanzisha upumuaji wao wa vipindi virefu huko California miaka ya 1970, waliweka utaratibu wa watu wawili wawili, mmoja anapumua mwingine anakaa kando yake kumwangalia, baadaye wanabadilishana. Huo utaratibu uchukueni hata kama mengine yao hamyataki. Anayekaa kando asiwe na simu mkononi, amwangalie midomo, vidole na kifua, na mkubaliane mapema ishara ya kusimamisha, kwa mfano kupiga goti mara mbili, kwa sababu taya likibana sauti haitoki.

Na baharini hapana. Si ufukweni maji yakiwa magotini, si kwenye bwawa la hoteli, si kabla ya kupiga mbizi. Hili nawaambia hasa wazamiaji wetu wa kamba na pweza, kuanzia Lamu mpaka Malindi, manake kuna wanaoamini kupumua haraka kabla ya kuzama kunaongeza muda chini. Kinachokulazimisha kupanda juu kuvuta pumzi ni kaboni dayoksaidi kupanda, sanasana, si oksijeni kupungua. Ukiwa umeshaitoa nyingi kabla ya kuzama, ukiwa chini hamu ya pumzi inachelewa kuja, oksijeni inaisha kimyakimya na mtu anazimia bila kuhisi chochote, na aliyezimia majini akiwa peke yake hatoki. Hata mkono au mguu kukaza tu kwenye kina ni hatari ya kutosha.

Mkazo ukija licha ya maandalizi yote, mjue mtafanya nini. Anayekaa kando amwambie kwa sauti ya chini, punguza, funga mdomo, vuta kwa pua, achia polepole, kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Usimnyooshe vidole kwa nguvu, utamuumiza misuli, mshike tu kiganja kwa mkono wenye joto, mkande taratibu kuanzia kwenye kigasha kushuka. Kumwekea mfuko wa karatasi mdomoni, jambo ambalo watu wameliona kwenye filamu, msifanye, unaweza kumnyima oksijeni, na kama shida yake ilikuwa moyo au pumu umemmaliza. Akirudi kwenye pumzi ya kawaida gesi inarudi yenyewe na mikono hufunguka ndani ya dakika chache. Abaki amelala, asinyanyuke ghafla, na asiendeshe pikipiki wala boti mpaka kichwa kitulie kabisa.

Asipofunguka baada ya kama nusu saa ya kupumua kawaida, au akishikwa na maumivu ya kifua, akazimia, akatetemeka mwili mzima, au upande mmoja wa mwili ukalegea, hapo ni hospitali, na dalili za kifua, kuzimia, degedege au kulegea upande hazingojewi hiyo nusu saa. Malindi utapata tuktuk au gari. Shela ni mambo mengine, gari hakuna, kwenda mjini kwa miguu ufukweni ni karibu dakika arobaini na maji yakijaa njia inakuwa ngumu, so kabla ya kipindi hakikisha una namba ya nahodha ambaye boti yake iko tayari, umuulize kabisa saa hiyo maji yatakuwa yamejaa au yamekupwa na atapakilia wapi, alafu namba uiandike kwenye karatasi uibandike ukutani watu wote waione. Mkifika King Fahd, hospitali ya mjini Lamu, msione haya, mwambieni daktari mgonjwa alikuwa anapumua haraka, kwa dakika ngapi, alikula nini, anameza dawa gani, na mkazo ulianzia wapi, ili ajue kama ni ya pumzi tu au ampime kalisiamu, potasiamu na magneshiamu kwenye damu.