Somo: Kabla hujanunua Ferrari Mondial, ikague hivi

Wakuu, swali ni lilelile kila wiki: "Nimeona Mondial ya bei rahisi, nichukue?" Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Jibu fupi: ichukue kama umeikagua injini kabla ya kulipa. Bei imeshuka kwa sababu ina siti nne na umbo ambalo mashabiki wengi wa Ferrari hawalipendi. Spea hazijashuka pamoja nayo.

1. Jua ni ipi. Mondial 8 ilitoka 1980: lita 2.9, valvu mbili kwa kila silinda, nguvu farasi 214 zikivuta karibu tani moja na nusu. Ndiyo iliyowapa ndugu zake jina baya. Quattrovalvole (QV) ya 1982 ina valvu nne kwa silinda na farasi 240. Ile ya 3.2 ya 1985 ina 270. Mondial t ya 1989 ni lita 3.4, farasi 300, na injini yake imegeuzwa kulala kwa urefu. Mimi ningetafuta Quattrovalvole au 3.2.

2. Risiti za mkanda wa taimingi, ule unaofanya valvu zifuate mwendo wa pistoni. Angalia tarehe, usiangalie kilomita. Miaka 3 hadi 5, unabadilishwa, pamoja na beringi za vikazio (vinavyoukaza mkanda). Ukikatika, pistoni zinagonga valvu. Kwenye 8, QV na 3.2 fundi anaufikia kupitia tao la gurudumu la nyuma la kulia. Kwenye t kwa kawaida injini inashushwa, na hapo bili inabadilika kabisa.

3. Fika injini ikiwa baridi. Ukikuta muuzaji ameshaipasha, rudi siku nyingine.

4. Kupima uvujaji wa silinda. Hii niliwahi kuiboronga, kwa hiyo isome polepole. Kupima mgandamizo peke yake hakutoshi, kwa sababu oili iliyobaki juu ya pistoni huziba mwanya na ringi zilizochoka zikasoma vizuri. Unatakiwa kuingiza hewa kupitia tundu la plagi na kusoma asilimia inayopotea. Injini iwe na joto la kazi, yaani uipashe baada ya kuiona ikiwaka ya baridi. Ukipima ya baridi, pistoni hazijatanuka na utalikataa gari lisilo na kosa. Ilete silinda kwenye kilele cha mgandamizo, valvu zote zikiwa zimefunga. Ukiileta kwenye kilele cha kutoa moshi, hewa yote itatoka na utadhani valvu zimeungua.

ONYO: zuia krenkishafti kabla ya kufungulia hewa. Pistoni ikiwa imepita kilele kidogo tu, hewa itaisukuma chini, na spana uliyoiacha kwenye puli itazunguka na vidole vyako.

ONYO la pili: zungusha injini kwa mwelekeo wake wa kawaida tu. Ukiirudisha nyuma, mkanda unaweza kulegea upande wa kikazio na kuruka jino.

Hadi asilimia 10, sawa. Ikipita 20, tega sikio. Hewa ikitokea kwenye eksozi, ni valvu ya kutolea moshi. Kwenye njia ya kuvutia hewa, ni valvu ya kuingizia. Kwenye mdomo wa oili, ni ringi. Mapovu kwenye tangi la maji, ni gasketi ya silinda hedi. Pima zote 8. Plagi za safu iliyo karibu na siti zinafikika kwa shida, na ndizo fundi mvivu huziruka.

5. Boksi la fyuzi. Tafuta plastiki iliyoungua au kuyeyuka.

6. Kutu: chini ya milango na kwenye matao ya magurudumu. Pita na sumaku. Isiposhika, chini ya rangi kuna puti.

7. Endesha dakika 20, kisha simama iungurume. Feni za rejeta ziwake zenyewe. Mshale wa joto ukiendelea kupanda, huenda kuna hewa kwenye mabomba marefu ya kutoka rejeta ya mbele hadi injini ya nyuma, au rejeta imeziba.

MASWALI

Swali: Sina muda wa kusoma yote. Ninunue au nisinunue?
Jibu: Usinunue.

Swali: Muuzaji anasema mkanda umetembea kilomita 4,000 tu. Uko poa?
Jibu: Ulifungwa mwaka gani? Soma namba 2. Raba inazeeka hata gari likiwa limelala.

Swali: Niliyoijaribu gia ya pili iligoma asubuhi, baadaye ikaingia vizuri. Sinkronaiza zimekufa?
Jibu: Swali zuri, mkuu. Hizi zote ndivyo zilivyo. Oili ya giaboksi ikiwa baridi ni nzito, na sinkronaiza inachelewa kusawazisha mwendo wa gia. Toka ya kwanza uende ya tatu mpaka oili ipate joto, usiilazimishe. Kama baada ya dakika 20 bado inakwaruza, hapo ni sinkronaiza kweli, na giaboksi lazima lifunguliwe. Jaribu pia kushuka kutoka ya tatu kwenda ya pili, maana uchovu huonekana zaidi hapo.

Swali: Naweza kufunga tairi za inchi 15 kwenye rimu za QV?
Jibu: Hapana. Kama ni rimu zake za TRX (mfumo wa Michelin), ni za milimita 390, na ukingo wake una umbo tofauti. Ama ununue tairi za TRX, ama ubadilishe rimu zote nne.

Swali: Mbona unawatisha watu? Jamaa yangu anayo, haijawahi kumsumbua.
Jibu: Muulize mkanda wake ni wa mwaka gani.

Mdau: Nyongeza kwa 8, QV na 3.2. Kama limelala muda mrefu, msiliwashe na petroli iliyomo. Zinatumia K-Jetronic (mfumo wa Bosch wa kupulizia mafuta), na petroli iliyooza huacha utando unaokwamisha pini ya kigawa mafuta. Mwaga, badili chujio, suuza tangi, ndipo uwashe.
Jibu: Sahihi kabisa. Na pini ikishakwama, msiichokonoe kwa bisibisi. Mkwaruzo mdogo tu na kigawa chote kimekwisha.

Mdau: Vioo vinavyopanda kwa kujivuta je? Mota?
Jibu: Anza na grisi iliyokauka kwenye reli, kisha usafishe viungio vya waya. Mota iwe ya mwisho.